Jibu Liko Kwenye Kadi

Jumamosi soko la Mkuti pale Masasi halina adabu. Watu wanapishana na mabeseni ya nyanya vichwani, bodaboda zinapenya mahali ambapo hata kuku angesita kupita, na kila mwenye spika ameifungulia mpaka mwisho. Katikati ya vurugu hiyo kulikuwa na kibanda cha bati kilichopakwa rangi ya bluu, na ndani yake alikaa Faidha binti Fikirini, fundi wa simu, ambaye hakuwa na haja ya kupaza sauti ili apate wateja. Kizuri chajiuza.

Asubuhi hiyo ya Agosti alikuwa amevaa dera la zambarau, ushungi ameufunga kisogoni ili usidondokee kwenye ncha ya moto ya solda. Mbele yake kulikuwa na foleni ya watu wanaotaka kuingiziwa nyimbo kwenye memori kadi. Nyuma ya foleni akatokea mwanamume mrefu, amevaa sweta zito la kijani chini ya jua la Masasi, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, mkononi ameshika boksi dogo kwa uangalifu kama kabeba mayai.

"Kaka, wewe umetoka Newala," Faidha alimwambia alipofika mbele.

"Umejuaje?"

"Sweta. Huku chini tunavaa sweta tukiwa na homa."

Foleni nzima ilicheka. Queen, rafiki yake aliyekuwa akisuka nywele kibanda cha pili, alitoa kichwa nje kumwona anayechekwa. Mwanamume yule naye alicheka, akalivua sweta lake, na Faidha akaona kwamba chini ya sweta kulikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na mabega ya mtu anayefanya kazi kwa mikono. Aliyaona kwa haraka, kisha akarudisha macho kwenye kazi yake.

Jina lake lilikuwa Ashraf. Alikuwa fundi bomba na sola wa mradi wa maji huko Kitangari, wilayani Newala, kwenye uwanda wa juu wenye ukungu, ambako tangu enzi za mababu wanawake wameshuka bondeni na ndoo tupu na kupanda nazo zimejaa. Sasa vilijengwa vioski kumi na viwili. Kila kioski kilikuwa na mashine ukutani: mtu anagusisha kitufe chake cha plastiki, mashine inamtambua, bomba linafunguka. Ndani ya mashine mlikuwa na kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kiberiti, na akili yake yote ilikaa kwenye memori kadi. Kadi zilikuja na mfumo wa zamani uliogoma. Waliotengeneza mashine walituma mfumo mpya kwa mtandao, Ashraf akaupokea, akauweka kwenye kadi, na mashine zikabaki zimemtumbulia macho. Mafundi watatu wa mjini walishamwambia mashine zimekufa.

"Uliuwekaje?" Faidha aliuliza.

"Nilikopi, nikapesti."

"Kama wimbo?"

"Kama wimbo."

Faidha alitikisa kichwa, lakini kwa huruma. Alimweleza kwamba faili lile mafundi huliita imeji, na imeji haiwekwi ndani ya kadi, huandikwa juu ya kadi nzima, mwanzo mpaka mwisho, jinsi tofali linavyofyatuliwa kwenye kalibu. Yeye alichofanya ni kuiacha kalibu juu ya rundo la udongo, akaenda zake kungoja nyumba. Ashraf alisikiliza bila kumkatiza, na hilo nalo Faidha aliliona.

Akachukua kadi ya kwanza, akaichomeka kwenye kadi rida ya laptopu yake, akaanza kuiflashi, yaani kuiandika ile imeji. Ilipofika mwisho aliichomoa, akafungua kichupa cha rangi ya kucha, akaweka nukta moja nyekundu mgongoni mwa kadi. Kisha akairudisha tena.

"Si imekwisha?" Ashraf aliuliza.

"Imeandikwa, haijahakikiwa. Sasa inasomwa yote upya, herufi kwa herufi, inalinganishwa na ya asili. Ikiwa sawasawa napiga nukta ya pili. Kadi ya nukta moja haitoki kwenye kibanda hiki."

Wapo mafundi wanaoiruka hatua hiyo, maana inakula muda na mteja haioni. Faidha hakuwahi kuiruka hata siku moja. Baba yake alitaka ajifunze cherehani. Yeye alijifunza solda, kwa kufungua simu mbovu za ndugu zake na kuzirudisha zikiwa nzima, na alijua fika kwamba kwa mwanamke katika kazi ile kosa moja huhesabiwa kumi. Kwa hiyo hakuwapa watu kosa la kuhesabu.

Ashraf alikuwa amebeba mashine moja kwenye lile boksi. Faidha aliitia kadi yenye nukta mbili, akaiunganisha na umeme. Kioo chake kidogo kilikaa cheusi kwa muda, kisha mistari ya maandishi meupe ikakimbia, kisha yakatulia maneno mawili: KARIBU MAJI. Ashraf aliyasoma mara mbili. Kisha akasema neno moja tu.

"Fundi."

Masasi nzima ilimwita Faidha dada, mrembo, mtoto wa Mzee Fikirini. Walimwita fundi pia, lakini kwa kicheko pembeni. Huyu alilitamka bila kicheko, na moyo wa Faidha ukamwendea siku hiyo hiyo, mbele ya foleni, na wala hakujidanganya kwamba ni jambo lingine.

*

Kila kadi ilihitaji jina la kioski chake na orodha ya watumiaji wake, na orodha hizo zilikuwa bado zinaandikwa. Kwa hiyo kila Jumamosi Ashraf alishuka na orodha moja au mbili, na kila Jumamosi shati lilikuwa jingine na pasi ilikuwa kali zaidi. Queen alisema mradi ule ungeweza kwisha kwa wiki moja kama watu wawili fulani wangetaka uishe. Faidha akamjibu kuwa kazi nzuri haitaki haraka.

Siku za katikati walipigiana simu. Ashraf alimwita fundi wangu, Faidha akamwita bwana maji. Alimtania kuwa watu wa juu wanaoga kwa kikombe. Ashraf akasema ndiyo maana wanajua thamani ya tone, si kama watu wa chini wanaomwaga ovyo. Bi Sijaona, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Kitangari, mama mtu mzima mwenye maneno machache, naye alimpigia Faidha kumpa ahadi: siku ya uzinduzi vioski vyote kumi na viwili vikitoa maji, basi yeye ndiye atakayekuwa fundi wa mashine zote za uwanda, na atapewa chumba Newala mjini, jina lake limeandikwa mlangoni. Faidha alikata simu, akabaki kibandani akilitazama bati. Kitu alichokitamani kuliko vyote duniani kilikuwa kimetajwa kwa sauti na mtu mwingine.

Siku chache baadaye Ashraf alipiga jioni, na sauti yake haikuwa ya utani.

"Faidha, mpenzi. Nikikuomba uje uishi huku juu, kwenye ukungu wetu, utakuja?"

Faidha alicheka polepole.

"Jibu lako nitaliweka kwenye kadi. Moja kati ya zile kumi na mbili. Siku ya uzinduzi ukiwasha mashine litatokea kwenye kioo kabla ya maji kutoka."

"Kadi ipi?"

"Washa zote."

"Unanitesa, mama."

"Nakufundisha subira. Na usizichomeke popote kadi hizo, ila kwenye mashine zake. Umenisikia?"

"Nimekusikia, fundi wangu."

Kusikia alisikia. Lakini sikio la mtu aliyependa lina tundu mbili, na agizo lile liliingia huku likatokea kule.

*

Uzinduzi ulikuwa Alhamisi ya katikati ya Oktoba. Faidha alishashona gauni la kwenda nalo, lakini alfajiri hiyo dada yake alishikwa na uchungu, wakakimbizana hospitali. Saa tano, mtoto amezaliwa salama na uji umeshanywewa, alitoka kibarazani akampigia Ashraf simu Kitangari ili angalau asikie maji yakidondoka kwenye ndoo.

Simu ilipokelewa, lakini hakukuwa na sauti ya maji. Kulikuwa na watu wengi wanaozungumza kwa wakati mmoja, na sauti ya Bi Sijaona akiuliza kulikoni, vioski vinane vinafanya kazi na vinne vimekufa, na hiki cha sokoni mbele ya wageni ndicho kimekufa zaidi. Kisha akasikika Ashraf, ambaye pengine hakujua kidole chake kilikwisha kuipokea simu.

"Ni kadi, mama. Kadi za Masasi hizi. Ni feki."

Simu ikakatika. Faidha alibaki ameishika sikioni, na mtu aliyempita pale kibarazani alidhani amefiwa.

Maneno mabaya hayahitaji gari. Ijumaa mchana Mkuti nzima ilijua kwamba Faidha anauzia watu kadi feki, na wanawake wa Kitangari wamerudi nyumbani na ndoo tupu kwa ajili yake. Foleni yake ikawa watu wawili, na wote wawili walitaka kadi zao zikaguliwe. Kamati ikamtumia ujumbe kwamba itatafutwa fundi mwingine Mtwara. Ashraf alipiga simu mara kumi na moja.

"Pokea basi," Queen alisema. "Labda anataka kuomba msamaha."

"Aliyasema mbele ya watu. Leo anataka kuyafuta sikioni mwangu?"

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakwenda kuziona kadi zangu."

Alilia usiku huo, nisifiche. Alilia kwa ajili ya jina lake na kwa ajili ya Ashraf, na hakuweza kutenganisha kilio kipi ni cha nani. Jumamosi asubuhi alifunga kibanda siku ya soko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivaa lile gauni la kitenge cha njano lililoshonwa kwa ajili ya uzinduzi, akafunga kilemba, akaweka laptopu na kadi rida begani, akapanda juu. Queen alimpa koti akalikataa. Hakwenda kule kuonekana mnyonge.

*

Bi Sijaona alikuwa uani kwake akianua korosho. Faidha alimwamkia kwa kupiga magoti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na maneno?"

"Nimekuja na mashine, bibi. Naomba kadi zangu nne."

Mama yule akafungua pindo la kanga yake. Kadi nne zilikuwa humo, zimefungwa fundo kama dawa. Akaagiza Ashraf aitwe. Alipofika, sweta lake limevaliwa kinyume na macho mekundu, Faidha alimwitikia salamu, akafungua laptopu.

Alikaa kwenye mkeka, akazigeuza kadi moja moja. Nukta mbili, nukta mbili, nukta mbili, nukta mbili. Akaichomeka ya kwanza, akaipima ujazo wake mbele yao: kadi halali, nafasi yake kamili. Akapima zote. Hakuna feki hata moja. Lakini zote zilikuwa tupu kabisa, na kila moja ilibeba alama ya saa ilipofutwa. Akazisoma kwa sauti, bila hasira, kama mtu anayesoma majina darasani.

"Alhamisi, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Saa mbili na dakika kumi na mbili. Kumi na nne. Kumi na saba." Akainua macho. "Ashraf, ulizichomeka kwenye laptopu yako?"

Ashraf alitazama chini, akatazama korosho, akamtazama Bi Sijaona. Mwisho akamtazama Faidha.

"Nilitaka kuona jibu," alisema.

Likatoka lote. Alhamisi asubuhi, wageni hawajafika, kadi zote kumi na mbili ziko mezani kwake, akashindwa kungoja. Akachomeka ya kwanza. Laptopu ikamwambia kadi hii haisomeki, lazima ifomatiwe kwanza, unataka? Akabonyeza ndiyo, akidhani ni kawaida ya kadi ngeni. Akakuta tupu. Akasema basi jibu liko kwenye nyingine. Akafanya hivyo mara nne, kisha akaitwa nje kupokea wageni.

"Laptopu haikuielewa lugha ya kadi," Faidha alisema. "Isichokielewa inaomba ruhusa ya kukifuta. Ndiyo maana nilikukataza."

"Mashine zilipogoma moyo uliniambia ni mimi. Lakini wazee walikuwa wamenikazia macho, nikaona aibu. Nianzeje kusema nilikuwa natafuta maneno ya mapenzi kwenye kadi za maji ya watu? Ulimi ukateleza."

Bi Sijaona alivuta kanga akaziba mdomo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na haikujulikana mara moja kama ni kwa hasira au kwa kicheko. Akamuuliza Faidha kama anahitaji kitu.

"Umeme na muda, bibi. Nitaziandika upya na kuzihakiki." Kisha akamgeukia Ashraf. "Yale maneno uliyasemea kioskini. Kesho ukayafutie kioskini, mbele ya wale wale."

*

Oktoba si mwezi wa baridi kali, lakini ukungu wa asubuhi juu ya uwanda humtetemesha mtu wa Masasi. Faidha alilala kwa Bi Sijaona, na Jumapili alisimama kwenye kioski cha sokoni na kitenge chake cha njano, mikono ameibana kwapani, meno ameyakaza yasigongane. Wanawake walikuwa wamejaa na ndoo zao, wanaume nyuma yao. Vioski vitatu vilikwisha kuwashwa alfajiri na vilikuwa vinatoa maji. Kilibaki hiki.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Ashraf alipanda juu ya zege la kioski, akavua kofia.

"Ndugu zangu, Alhamisi nilisema hapa kwamba kadi ni feki. Nilisema uongo. Kadi ni nzima. Fundi aliniambia nisizichomeke popote, nikazichomeka, nikazifuta kwa mkono wangu, halafu nikamsingizia yeye. Mkarudi na ndoo tupu kwa sababu yangu. Fundi wenu ni huyu hapa, Faidha binti Fikirini wa Masasi, na sijaona fundi kama yeye."

Mwanamke mmoja wa mbele aliuliza, ndoo yake ikiwa kiunoni, alikuwa anatafuta nini humo ndani ya kadi.

Ashraf aliikunja kofia yake mkononi. Angeweza kusema lolote.

"Nilimwomba aje tuishi pamoja. Jibu lake lilikuwa kwenye kadi, na mimi sikuweza kungoja."

Kicheko kilianzia mbele kikafika mpaka kwa wauza mihogo, kisha vigelegele. Faidha alihisi uso unamwaka katika ukungu ule, na kifua kinamjaa. Watu waliokuwa wakimwita tapeli sasa walikuwa wakisogea kumtazama usoni, na mzee mmoja alivua kofia yake pia. Faidha alitoa kadi ya nne, akamtia Ashraf mkononi.

"Weka wewe."

Ashraf aliigeuza, akaziona nukta mbili. Akainama akanong'ona.

"Jibu bado limo? Au umelibadilisha?"

"Washa."

Akaichomeka, akaiwasha mashine. Kioo kikakaa cheusi. Mistari meupe ikakimbia. Dakika nzima ikapita, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Ashraf alingoja bila kugusa kitu. Kisha maandishi yakatulia, na Bi Sijaona akayasoma kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma:

ASHRAF, NITAPANDA JUU. NAKUJA NA MEZA YANGU YA KAZI. TUMA WATU KWA BABA. IMEANDIKWA TAREHE 7 OKTOBA.

"Tarehe saba," Ashraf alisema. "Hili ni la kabla. Umelirudisha vile vile."

"Wewe ulifuta kadi," Faidha alisema. "Ya asili ninayo mimi, na haikuguswa."

Maneno yakaondoka kwenye kioo, yakaja yale mawili ya kawaida, na yule mwanamke wa mbele, ambaye hakuwa na nafasi ya mapenzi ya watu, akagusisha kitufe chake. Maji yakapiga ndani ya ndoo. Bi Sijaona alikuwa tayari anamuuliza Faidha hiyo meza yake ina upana gani, maana mlango wa chumba cha Newala ni mwembamba, na aliyeandika jina hajui kama Faidha inaanza na F kubwa.

Faidha alitaka kujibu, meno yakagongana. Ashraf alilivua sweta lake la kijani, safari hii likiwa limevaliwa sawasawa, akamvika mabegani.

"Huku juu tunalivaa tukiwa wazima," alisema.

Jumatatu yake jua la Masasi lilikuwa kali kupita kiasi. Faidha alifungua kibanda cha bluu saa mbili, akapanga vifaa vyake, akawasha solda. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya Jumamosi yoyote, maana maneno mazuri nayo safari hii yalikuwa yameshuka mapema. Queen alikuja na mfuko wake wa rasta, akamtazama rafiki yake juu mpaka chini, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni, na akamuuliza kama ana homa.

"Sina," Faidha alisema, akavuta vizuri mikono ya sweta la kijani, akampokea mteja wa kwanza.